Maji Yaliyomtoa Mama Mkwe Chumbani

Mshauri wetu, nisaidie kabla mama mkwe wangu hajafunga virago, kwa maana analala chumba cha chini, kile ambacho nusu yake imezama ardhini, na msimu huu kila mvua ikinyesha tunakuta maji kando ya kitanda chake, sasa mume wangu ni fundi bomba, amekagua mabomba yote ya nyumba hakuna linalovuja, basi akamwambia, "Mama, ni wewe unamwaga ukinawa miguu," na mama hakubisha, alisema tu, "Labda, mwanangu, ndiyo uzee," tangu hapo anaenda kunawa nje kwenye baridi, na jana kaniomba nimshushie sanduku lake aende kwa wifi, roho imeniuma maana maji yale nayapangusa mimi na nimeyanusa, hayana sabuni, yananuka udongo, tena yanatokea kona moja tu, upande ule ambao mume wangu aligeuzia bomba la maji ya paa yasiirukie pikipiki yake, ila ukuta ni wa zege, mshauri, maji yanapita wapi?

Mkamwana Mwenye Tambara

Mkamwana, jibu umelishika mwenyewe pamoja na hilo tambara. Zege hunywa maji, hata likiwa gumu vipi. Maji ya paa zima yakimwagwa mahali pamoja, udongo hushiba, na yaliyokosa pa kwenda huusukuma ukuta mpaka yapate upenyo, mara nyingi pale ukuta unapokutana na sakafu.

Mumeo kakagua mabomba yote isipokuwa lile aliloligeuza yeye. Mganga hajigangi, hilo namsamehe. Kumtwika mama yake lawama, hapo simtetei. Na wewe, pua ilijua, mdomo ulikuwa wapi?

Usibishane naye. Siku ya jua, kausheni ile kona, yeye akae kitandani kwa mama yake, wewe umwage ndoo baada ya ndoo pale bomba linapomwaga. Ayaone yakiingia. Kisha alirefushe bomba mpaka mbali na nyumba, ajaze udongo uinamie nje, ndipo azibe upenyo ule. Akianza kuziba ndani, maji yatatafuta kona nyingine.

Sanduku alirudishe yeye, si wewe. Na jioni hiyo ampelekee mama yake beseni la maji ya moto, alitue palepale kando ya kitanda, amnawishe miguu.