Kugonga Paa la Kabini

Abdi mjukuu wangu, asalaam aleikum kutoka kwa awowe, babu yako, hapa Garissa. Mama yako ni mzima, na ngamia wetu amezaa.

Unauliza uendeshe lori gani sasa umetoka jeshini. Mimi nilipotoka, miaka ya tisini, nilipata nafasi mbili: lori la mafuta, mshahara mnono, abiria marufuku, au lori la mbuzi la Wajir, watu wakikaa juu ya mbuzi, kwenye vyuma vya lori. Nilichukua la mbuzi. Jeshini nilizoea kusikia wenzangu wakikoroma. Ukimya wa kabini niliuogopa. Aliyetaka kushuka aligonga paa, nami nikikanyaga breki nikajua siko peke yangu.

Tangu bibi yako, mke wangu, afariki, mvua ikigonga mabati, mguu wangu hutafuta breki.