Kwa Daktari wa Meno Aliyeandika "Sina"

Mwaka umetimia leo, Baba watoto, tangu utuage mlangoni ukiwa na begi mgongoni na bunduki ndani ya sanduku lake, ukasema siku kumi si nyingi. Siku ya saba ukafia juu ya mlima wa watu, katika nchi ambayo lugha yao uliijua maneno machache tu ya njiani.

Wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wanakujua kwa meno yao. Wanajua mkono wako ulikuwa mwepesi. Mtoto aliyeingia analia ulimpa kile kioo kidogo, ukapanua mdomo, ukamwambia ahesabu yako kwanza. Jumamosi uliwatibu wazee wa mtaa na hukutaka kusikia habari ya malipo. Hayo ni kweli na hakuna wa kuyapinga.

Ila ulikuwa na wazimu wa milima. Kila mwaka ulifunga kliniki wiki mbili, ukaenda ng'ambo kuwinda mbuzi mwitu na kondoo wa majabalini, ukiongozwa na mtu yuleyule. Mwezi mzima kabla ya safari ulipanda na kushuka ngazi za jengo letu, ghorofa sita, na mfuko wa mchanga mgongoni. Jirani wa chini akaniuliza kama tunahama kidogo kidogo. Watoto wakakuita Bwana Ngazi, nawe jina ukalipenda.

Kabla ya safari hii ya mwisho ulikuwa unapumzika ghorofa ya tatu. Nilikusikia ukihema, nikakuuliza. Ukacheka, ukasema ni vumbi la ngazi. Nikaamini. Wewe ndiye daktari, mimi ningejua nini?

Ulipokufa, kaka yako alisema mwongozaji ndiye aliyekuua, kwamba alikukimbiza mlimani kama punda. Nami nikaitikia. Yule mtu alipopiga simu, binti yake akimtafsiria, sikumpa nafasi ya kumaliza. Nilimwita muuaji. Nikamsikia binti akimwambia baba yake neno lile. Mtu huyo alikuwa amekubeba mgongoni kutwa nzima, kutoka kwenye miamba mpaka barabarani, na mimi hata asante sikumpa. Kaka yako akapeleka mashtaka, kibali cha kazi cha mwongozaji kikazuiwa. Mpaka leo hajampandisha mwindaji hata mmoja.

Miezi minne baadaye nilikwenda kufungasha vitu vya kliniki. Katika droo ya chini, nyuma ya yale meno ya plasta, nikakuta vidonge na barua ya daktari wa moyo. Tarehe yake ni wiki tatu kabla ya safari. Imeandikwa waziwazi kwamba moyo wako umechoka, usipande mlima, usibebe kizito. Ulikuwa umeikunja mara nne, vizuri kabisa, kama ulivyokunja kila kitu.

Nikampigia yule binti nikaomba radhi. Akanitumia fomu uliyojaza. Kumbe kila mwindaji hujaza fomu kabla ya kupanda. Mwenye shida ya moyo au pumzi hupelekwa bonde la chini, kwenye njia laini na mbuzi wadogo. Mzima ndiye anayepandishwa juu kabisa, waliko kondoo wenye pembe kubwa. Palipouliza moyo, uliandika kwa mkono wako, "Sina." Palipouliza dawa, "Situmii." Wewe, uliyekuwa ukiwagombeza wagonjwa kwa kuficha jino bovu!

"Mama, nilimwambia mara tatu turudi," mwongozaji aliniambia kwa kinywa cha binti yake. "Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Akacheka, akasema ni baridi tu."

Kicheko hicho nakijua. Na kondoo mwenyewe hukumpiga, ulianguka kabla hujainua bunduki. Yuko huko anakula majani yake.

Wiki ijayo shauri la mwongozaji linasikilizwa. Kaka yako alikuja hapa sebuleni, akakaa kwenye kiti chako, akasema marehemu hasemwi. Akasema ukweli hautakurudisha, na kwamba mke mwema humsitiri mumewe.

"Ukiipeleka hiyo barua, umemzika ndugu yangu mara ya pili."

Nikamjibu kwamba yule wa mlimani tunamzika yu hai, na ana watoto kama sisi. Tukazozana mpaka chai ikapoa. Mama yako alikuwa pale kando, anafuta miwani.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akasema. "Ipeleke, mwanangu."

Aliyasema hayo huku machozi yanamtoka. Kaka yako alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Nimeipeleka jana, na ile fomu, na maelezo yangu mwenyewe kwamba nilimtukana mtu asiye na kosa. Sasa wagonjwa wako watajua. Watoto wataulizwa shuleni, nimewafundisha wajibu bila kuinamisha kichwa. Kama huko uliko unaona haya, vumilia, hata sisi tunaona haya.

Wala si uongo wa fomu unaoniuma zaidi. Wiki tatu umelala ubavuni kwangu ukiijua barua ile. Usiku mmoja tulizungumza saa nzima juu ya bomba la jikoni linalovuja. Ulikuwa na saa nzima, Baba watoto. Ungesema, ningelia, ningekugombeza, halafu ningekaa nawe. Ukachagua pembe.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Unakumbukwa na mama yako mzazi, na binti yako mkubwa ambaye sasa anapanda ngazi zile polepole akisimama ghorofa ya tatu, na wanao wawili wa kiume wanaogombania koti lako. Kaka yako ameagiza asitajwe hapa. Nimemtaja, kwa kuwa ndiye aliyekulea. Mwongozaji naye aliomba aungane nasi, nami sikuwa na uso wa kumkatalia.

Kukukumbuka, tutakukumbuka daima. Kukusamehe, bado sijaweza.