Isale Nimelipokea, Mama

Tunduma

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na hiyo baridi ya Kilema? Mimi nipo, mzima, ila nimechoka. Juzi nimerudi na lori kutoka Lubumbashi, kule hata askari wa mpakani wananiita Bosi, na Kifaransa nakiongea kuliko mwalimu aliyenifukuza darasa la sita. Simu ninayo, tena ya bei. Lakini kwenye simu ningekutania tu, unanijua.

Isale limefika. Kondakta wa basi alinikabidhi jani letu la kuombea msamaha, bado bichi, limefungwa kwenye kipande cha kanga yako. Unasema mke wangu alilileta kwako mwenyewe, analia, anaomba nimsamehe yale maneno tuliyogombana, nirudi nyumbani Krismasi. Na mimi ni Mchagga, mama. Isale likishatumwa, nani ana ubavu wa kulikataa?

Ila hayakuwa maneno. Hili kovu la shingoni, nililokwambia nilirukiwa na maji ya rejeta, ni maji ya ugali. Alinimwagia. Na jino langu halikung'olewa na spana kama nilivyokudanganya, ni yeye. Mimi huyu, ninayebadilisha tairi la lori peke yangu, nilikuwa naingia kwangu nikinyata, nasikiliza kwanza sufuria zinavyotua.

Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji. Nikamkuta kilabuni. Akapaza sauti: "Weee, Baba Neema! Na mwili wote huo? Huyo mama tumpeleke jeshini!" Watu hoi. Na mimi nikacheka, mama. Nikaongezea na kichekesho changu, nikawanunulia mbege. Wiki ile ile nikapanda lori, nikakuaga kwamba naenda kutafuta maisha.

Kumsamehe, nimemsamehe. Mwambie hivyo, isale nimeliheshimu. Ila kurudi chini ya paa lile, hapana. Krismasi nakuja, na kitenge cha Kongo ambacho ukikivaa kanisani watu watasahau mahubiri. Nitalala kwako. Neema mwanangu umwite aje hapo nimwone, atakuwa amerefuka.

Msalimie baba mdogo aliyelipeleka isale stendi, na dada anayekukamulia ng'ombe.

Watu watauliza kwa nini mwenye nyumba yake amelala kwa mama yake. Usiwafiche. Waambie alikuwa anapigwa na mkewe. Wakicheka waache wacheke, safari hii sitacheka nao.

Mwanao anayekupenda,
Deo