Rhumba Mwanzoni mwa Kaseti

Marahaba, mjukuu wangu Deo. Huku Kasense tu wazima, mama yako anavuna ulezi.

Unauliza kwa nini kaseti ya muziki wa okestra wa ile filamu ya misheni inaanza na rhumba. Muziki ule niliusikia mara moja tu, filamu ilipoonyeshwa Kaengesa, na haukuuzwa popote. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, nikasikia kaseti yake pekee imeangukia kwa muuza kaseti sokoni. Nilimkuta ameshaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena, anarekodi rhumba juu yake.

“Subiri wimbo uishe, mama.”

Utepe ulizunguka, violini zinafutika. Nikabonyeza mwenyewe kitufe cha kuzima.

Ukiihamishia kwenye kompyuta, rhumba usiiondoe. Inapokatika, ndipo kidole changu kilipofika.

Bibi yako