Jina Chini ya Rangi ya Mama Lenai

Jumatatu, 2 Oktoba
Mvua imekatika, ukuta wa pango umekauka – hatimaye! Nimebandika karatasi mbichi juu ya maandishi ya kale yaliyochongwa mwambani, nikaigonga kwa brashi, nikapaka wino. Herufi zimetoka safi: "Kisima hiki ni zawadi ya..." Basi. Baada ya hapo ni rangi ya chungwa tu. Karne kwa karne watu wamempaka Mama Lenai, mungu wa pango hili, rangi na mafuta, mpaka sanamu ikanenepa na rangi ikatambaa ukutani. Jina la mtoaji limo humo. Na wiki ijayo, kabla ya sikukuu yake, kamati ya hekalu inabandika vigae ukuta mzima! Nimeshindwa kula kwa hasira.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimemwomba mzee Dagdu, kuhani, anikubalie nibandue rangi kidogo. Kacheka. Eti yeye mfagiaji tu, mwenye mwili ni Mama, aulizwe mwenyewe. Akabandika maua mawili mabichi kifuani pa sanamu: la kulia likitangulia kudondoka, ndiyo, la kushoto, hapana.

La kushoto! Papo hapo.

Sakhubai, mke wa mhunzi, akapiga makofi. "Umetoka mjini Pune kuja kumvua Mama nguo? Koma, dada!" Nimeona aibu, halafu hasira, halafu aibu tena.

Ijumaa, 6 Oktoba
Kumbe kuna mstari wa pili, chini ya masizi ya taa! Nimeusafisha: "...mke wa mhunzi, mkazi wa Bhoredi." Bhoredi – kijiji hiki hiki!

Nimemsomea Dagdu, kufikia jioni kila mtu anajua. Sakhubai kaniletea mikate ya mtama na pilipili ya kutwanga. Eti siku zote alijua watu wa kwao ndio waliowanywesha maji watawa walioishi pangoni humu zamani. Akaniuliza: "Sasa huyo bibi yetu anaitwa nani?"

Nikamwambia sijui, si mlinikataza.

"Mimi? Nani kasema?"

Dagdu anasema Mama haulizwi mara mbili na mtu mmoja. Kesho atauliza Sakhubai.

Jumamosi, 7 Oktoba
Naandika nimesimama pangoni, pekupeku. Kijiji kizima kipo, hata fundi wa vigae na saruji yake, tayari kwa wiki ijayo. Sakhubai kaomba: Mama, turuhusu tumjue mtu wetu. Maua yamebandikwa.

Mimi nisiyeamini mambo haya – nasali!

La kushoto limelegea. Hapana, hapana, kaa hapo. Limenasa. Sasa la kulia linateleza, taratibu mno. Sakhubai ananong'ona nitoe kisu cha kukwangulia. Bado halijadondoka, na yeye ameshachomeka sari kiunoni, tayari kwa kazi –