Mafundo ya Mlango wa Lwengera

Manundu, Korogwe
14 Januari 1953

Mpendwa dada Agripina,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo lina siasa yake. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Chanika, na biashara yako ya samaki wakavu inakwenda.

Dada, Serikali imenitangazia vita. Juzi tarishi wa boma alibandika tangazo ukutani pa soko. Kuanzia Julai mosi ni marufuku kuvua kwa mshipi katika mto Pangani, toka darajani hadi mahali kijito cha Lwengera kinapoingia, kwa miaka miwili, ati samaki wanapungua. Nyavu ruhusa, kwa kuwa mwenye nyavu ana leseni. Mwenye nyavu ni mmoja tu, yule kontrakta anayelisha makambi ya mkonge. Simtaji jina, maana karatasi hii nimeinunua.

Sikiliza mstari wa mwisho: "Amri hii haiwahusu wavuao kwa starehe." Yaani Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa boma, ambaye kila Jumapili huketi mlangoni pa Lwengera na ufito wake wa kuvulia unaong'aa. Anayevua ili ale ni mharibifu. Anayevua ili apunge upepo ni mtunzaji wa mto!

Wavuvi wa mshipi tuko thelathini na wanane. Baba alipofukuzwa kwenye mkonge alitulea kwa mshipi huu, na wewe ulisoma shule kwa kambale. Mimi nami, tangu misheni waliponiachisha ualimu kwa sababu ya mdomo wangu, sina shamba jingine ila mto. Wakiufunga, nimekwisha.

Nimeanza kuandika waraka. Niko ukurasa wa saba, na bado sijafika kwenye samaki.

Mdogo wako,
Simeo


Chanika, Handeni
2 Februari 1953

Mdogo wangu Simeo,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini anakula kama asiyekohoa. Goti lako lipake mafuta ya nyonyo, usiliachie siasa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nakuomba waraka huo usiupeleke. Nakujua. Ukikasirika unaandika vizuri sana, na anayekusoma anakasirika vizuri sana.

Nikupe habari ya huku. Mwaka juzi boma lilitaka kulifunga lambo la Misima, likasema wanawake wanachafua maji kwa kufua. Wanaume wakaandika barua tatu. Hakuna jibu. Akina mama wakaenda barazani na ndoo mbili, moja imetekwa upande wao, nyingine upande wanakoingilia ng'ombe wa tajiri mmoja. Wakaziweka mezani, wakamwambia Bwana Shauri wa huku, "Bwana, chagua ya kunywa." Lambo halikufungwa. Ng'ombe walijengewa njia yao.

Sasa nakuuliza wewe msomi. Nani anajua samaki wanakwisha kwa nini? Wewe unamjua samaki mpaka kwenye ndoana. Swaumu na wenzake wanaowatumbua pale ukingoni ndio wanaomjua ndani. Umewahi kuwauliza?

Dada yako,
Agripina


Manundu
27 Februari 1953

Mpendwa dada,

Shikamoo, na shemeji umpe pole ya kikohozi. Sisi wazima.

Barua yako ilichelewa. Lori la Shabbir lilikwama matopeni siku tano, na barua ikiwa humo pamoja na mbuzi. Nami nilikuwa nimekwisha peleka waraka wangu. Kurasa kumi na moja! Nilimlinganisha Bwana Shauri na Farao, halafu nikaonyesha kwa hoja sita kwamba Farao alikuwa afadhali. Umerudishwa, na karani ameandika juu yake maneno mawili: "Umepokelewa. Ufupishwe."

Ufupishwe! Watu wamefungiwa mto, naye anahesabu kurasa!

Basi. Nimekwenda kwa Swaumu. Nilimkuta amekaa juu ya debe, kisu mkononi, akacheka kabla sijamaliza.

"Miaka kumi na tano natumbua samaki zenu," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza mwanamume kuniuliza kilichomo tumboni. Sikuzote mwauliza nitamaliza saa ngapi."

Tumepatana hivi. Masika yote, kila siku, atachukua kambale ishirini wa nyavu na ishirini wa mshipi, kwa kuwa anatumbua wa pande zote mbili. Akikuta jike mwenye mayai anafunga fundo. Kamba mbili za mkonge, moja ya nyavu, aliyoitia masizi, na moja nyeupe, ya kwetu. Boma limeweka baraza la kusikiliza mambo ya mto Juni 16. Siku hiyo nitamvisha kontrakta kamba yake shingoni mbele ya umma.

Ndugu yako mwenye hasira iliyofupishwa,
Simeo


Manundu
24 Mei 1953

Dada,

Shikamoo. Wazima. Samahani kwa kimya cha miezi mitatu. Sikuwa na la kusema, na unajua kwangu hilo ni ugonjwa.

Kamba ya nyavu imejaa mafundo kama nilivyotabiri. Katika kila kambale ishirini, kumi na wanne wana mayai. Lakini dada, nyeupe yetu nayo imejaa. Tisa katika ishirini. Siku nyingine kumi.

Nimekaa nikafikiri. Masika ikianza sote thelathini na wanane tunahamia mlangoni pa Lwengera, kwa kuwa kambale wanapanda kijito kwa wingi. Miaka ishirini najisifu kwamba najua mahali pa kuvua. Kumbe nilikuwa nimekaa mlangoni pa chumba cha uzazi, na rungu.

Mzee Matayo, mkubwa wetu, anasema kamba nyeupe ichomwe, twende na nyeusi peke yake. Wengi wamekubali. Mimi, nikiri kwako, nilimwomba Swaumu afungue mafundo machache tu. Hakupandisha sauti. Akanisukumia kamba, akasema, "Fungua wewe. Halafu kesho kavue, katumbue, kauze peke yako."

Sikufungua. Lakini nikiipeleka, nimempa Bwana Shauri fimbo ya kutuchapia. Nisipoipeleka, ni mwongo kama kontrakta. Nifanyeje? Jibu upesi. Shabbir ameahidi kutobeba mbuzi.

Simeo wako


Chanika
3 Juni 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Wazima wote, kikohozi kimekwisha.

Hukuniuliza ndoo ya akina mama wa Misima ilikuwa na nini. Ilikuwa na povu la sabuni, na kila mtu aliliona. Mama aliyesimama kusema alianza na povu hilo. Akasema, "Hili ni letu, na kuanzia kesho tutafulia chini ya lambo." Baada ya hapo, alipoonyesha kinyesi cha ng'ombe, hakuna aliyembishia.

Peleka zote mbili. Anza na ya kwako.

Na useme maneno ya nusu ukurasa. Nusu, Simeo.

Dada yako,
Agripina


Manundu
20 Juni 1953

Dada mpendwa,

Shikamoo mara saba. Wazima, na goti limepona kwa furaha.

Barazani kontrakta alisema kwanza. Alisema wavuvi wa mshipi ni wazururaji wasiojua uzazi wa samaki. Damu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Nilikuwa na majibu tisa, yote mazuri. Nikayameza moja moja kama vidonge vya kwinini.

Nikasimama mbele ya Bwana Shauri na Zumbe, chifu wetu, na kuweka mezani kamba nyeupe. Nikasema, "Bwana Shauri, Zumbe, wazee. Hii ni yetu. Kila fundo ni mama tuliyemwua na mayai yake. Tulikuwa hatujui. Sasa tunajua." Mzee Matayo alifunika uso kwa kofia. Kisha Swaumu akaweka ile nyeusi, akazinyoosha sambamba.  Urefu wa meza ulitosha nyeupe. Nyeusi iliendelea mpaka ikamgusa kontrakta magotini.

Bwana Shauri akauliza, "Kamba hizi amefunga nani?"

"Mimi," akasema Swaumu.

"Na kama huyu angekuambia upunguze?"

"Aliniambia. Nikakataa."

Baraza zima lilicheka, dada, na mimi nikacheka kwa kukosa pa kujificha. Lakini ndipo Bwana Shauri alipoiamini kamba.

Nikaomba mambo mawili tu. La kwanza, Machi hadi Mei mlango wa Lwengera ufungwe kwa nyavu na kwa mshipi, na miezi mingine mshipi uwe huru. La pili, ule mstari wa wavuao kwa starehe ufutwe, maana jike mwenye mayai hamuulizi mvuvi kama amekuja kwa njaa au kwa upepo.  Zumbe alitazama viatu vyake. Bwana Shauri alichukua kalamu akaufuta mwenyewe.

Dada, na lile la kwanza nalo amelikubali, tumeushika mto! Tena wameunda kamati ya kuulinda. Mimi na Swaumu tumo. Yeye ndiye mwenye kamba. Mimi ni mwenye taarifa, na karani amenikumbusha mara mbili kwamba iwe fupi.

Ila masika ijayo, kambale wakiwa wote mlangoni, nitakaa miezi mitatu mshipi ukiwa umetundikwa, na Matayo amekwisha kuninunia. Uniwekee mahindi.

Mdogo wako, mjumbe wa kamati,
Simeo


Manundu
12 Aprili 1954

Dada Agripina,

Shikamoo. Wazima. Mahindi yamefika, asante. Matayo amekula nusu, na bado amenuna.

Jana, Jumapili ya Matawi, mimi na Swaumu tulimkuta Bwana Shauri mlangoni pa Lwengera na ufito wake. Mazoea. Alikuwa ndiyo kwanza amevuta kambale jike, tumbo limejaa mayai. Nilivua kofia. Nilikuwa na hotuba ya kurasa kumi na moja, tayari kichwani. Nikasema, "Bwana, leo ni Aprili."

Akawa mwekundu. Akamtoa ndoana taratibu, akamrudisha majini, tukamtazama akizama. Kisha akamnyooshea Swaumu mkono, akapewa kamba mpya, akafunga fundo yeye mwenyewe. Alilifunga vibaya. Swaumu akamwonyesha.

Kamba hiyo nakuletea kwa lori la Shabbir. Itundike pale unapouzia samaki.

Hii ni nusu ukurasa. Hesabu.

Mdogo wako,
Simeo