Alama Nyekundu Kwenye Kalenda

Weigesa,

Uji uko kwenye chupa, maana umekwenda shule bila kunywa kitu. Maharage yameiva, yapashe moto tu.

Asubuhi nilimwita jirani Heche alete dume lake kwa sababu niliona alama nyekundu kwenye kalenda ya kanisa. Humo mimi huandika siku za ng'ombe kuhitaji dume. Ukasema mbele yake, "Baba, hizo ni siku zangu." Akacheka, ukatoka unalia. ~~Ungetafuta karatasi yako.~~ Kosa ni langu. Ng'ombe huhitaji dume tena baada ya siku ishirini na moja. Zako nimezihesabu, ni ishirini na nane. Ningehesabu kwanza ningejua.

Kwetu baba hagusi mambo haya, najua. Pedi ziko kitandani kwako. Muuzaji aliuliza saizi, nikachukua kila aina. Endelea kuweka alama. Siku hizo maji nitachota mimi, huna haja ya kuniambia.

Niko malishoni mpaka jioni. Nikirudi nisalimie, hata kama bado una hasira. Tangu tumzike mama yako, hapa nyumbani hakuna mwingine wa kunisalimia.

Baba yako